Mvua za kulima na mvua za kujaza Mzakwe

Ukifungua bomba leo Area C au Kikuyu hapa Dodoma, sehemu ya maji yanayokutokea inawezekana iliingia ardhini wakati wa El Niño ya 1997/98. Watoto waliozaliwa msimu ule sasa wana watoto wao, na bado tunakunywa mvua ile. Nimeanza na hilo kwa sababu kila mwaka, mvua zikinyesha vizuri Desemba na Januari, nasikia watu wakisema mwaka huu hakuna shida ya maji. Kisha Septemba mgao unakuwa palepale, na watu wanadhani kuna mtu anawadanganya.

Anayewadanganya ni mazoea. Tumezoea kufikiri kwamba mvua nzuri ni maji mengi, na kwa mkulima wa mtama hiyo ni kweli. Kwa Mzakwe, kwenye visima vinavyolisha jiji, si hivyo.

Mzakwe iko katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, kilomita ishirini na ushei kwa njia ya barabara ya Kondoa na Arusha. Unapita Veyula, unaona mashamba ya zabibu, unapita kambi ya JKT. (Usichanganye na Makutupora ya Manyoni, mkoa wa Singida, ambako reli ya SGR kutoka Morogoro inafikia. Wageni wengi wa jiji huzichanganya.) Hapo ndipo palipochimbwa visima virefu ambavyo kwa miongo mingi vimekuwa chanzo kikuu cha maji ya Dodoma. Kwa macho hakuna cha kushangaza: uwanda mpana, vichaka vya miiba, nyumba ndogo za pampu, nyaya za umeme, mabomba makubwa yanayoelekea mjini. Mto wenyewe, Kinyasungwe Ndogo, kwa sehemu kubwa ya mwaka ni barabara ya mchanga. Mbuzi wanalala humo.

Nimefanya kazi ya kupima kina cha maji kwa muda mrefu, na ndiyo maana naandika. Nataka wakazi wa jiji hili wajue kinachotokea chini ya uwanda ule, kwa sababu uamuzi kuhusu maji yake sasa unafanywa na watu wengi mno: anayeuza kiwanja, anayechota mchanga, anayechimba kisima nyuma ya nyumba yake, anayepanga bajeti ofisini. Wengi wao hawajawahi kuelezwa.

Chini ya Makutupora kuna granite. Mwamba mzima wa granite haushiki maji, lakini huu umeoza juu na kupasuka chini, na bonde lote limekatwa na mipasuko mikubwa ya ardhi, ukiwamo ule wa Mlemu na ule wa Kitope. Maji yanakaa ndani ya ule mwamba uliooza na kwenye nyufa. Wataalamu huita tabaka hilo akwifa. Halafu juu yake, sehemu kubwa ya uwanda, kuna udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mvua ikianza, maji machache hupenya kwenye mipasuko ya udongo. Ukishalowa unafumba, na maji yanasimama juu kama yaliyomwagwa kwenye sakafu hadi jua liyanywe.

Na jua la Dodoma linakunywa kweli. Tunapata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Hewa yetu ina uwezo wa kuvukiza karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja, kwa hiyo ukipiga hesabu ya mvua tu utaona bahari. Ila kwanza udongo unachukua chake, kisha majani, kisha mtama na alizeti, kisha jua. Katika mwaka wa kawaida kinachobaki kuteremka hadi kwenye akwifa ni kidogo sana, na miaka mingine ni sifuri.

Sasa maji yanaingia wapi? Yanaingia kwenye makorongo. Pale ambapo mto umekata udongo mweusi na kujaza njia yake mchanga mkavu, hapo ndipo mlango ulipo. Mvua ikipiga vilimani, maji yanateremka kwa kasi, yanafika kwenye mchanga, na mchanga unayameza. Watafiti waliofunga vipimo Makutupora wamelikuta jambo hilohilo ambalo wazee wa pale wanalijua: kisima hupanda pale mto unapotiririka, na kadiri unavyotiririka siku nyingi zaidi ndivyo kinavyopanda zaidi.

Ni jambo la kuonwa. Mto unakuja ukiwa umekauka kabisa pale uliposimama, na mbingu juu yako hazina wingu. Kwanza unasikia. Halafu unaona ulimi wa maji ya kahawia, umebeba povu, kinyesi cha ng'ombe na vijiti, unasogea juu ya mchanga polepole kuliko ulivyotarajia. Unasogea polepole kwa sababu unanywewa. Mbele ya ulimi huo mchanga unatoa vipovu vya hewa kwa maelfu. Hewa iliyokuwa imekaa kati ya chembe inasukumwa juu na maji yanayoshuka. Kama mvua ya vilimani ilikuwa ndogo, ulimi unafika mahali unakata. Hauendi popote. Umeisha. Kama ilikuwa kubwa, nyuma ya ulimi linakuja ukuta, na hapo ondoka.

Siku moja nilimkuta mzee mmoja wa Chihanga amekaa ukingoni na fimbo yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mnapima tena?"

"Tunapima, babu. Yameshuka."

"Yatashuka tu. Mvua za mwaka huu ni za kulima. Zile za kujaza zina kelele zake."

Alikuwa sahihi, na vitabu vya vipimo vinamuunga mkono. Makutupora ina kitu ambacho sehemu chache sana za nchi za joto duniani zinacho: kumbukumbu za kina cha maji chini ya ardhi zinazoanzia miaka ya 1950. Watumishi wa idara ya maji walikwenda na kamba na tepu, mwaka baada ya mwaka, wakaandika. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliotumia miaka 55 ya kumbukumbu hizo, na picha iliyotoka ilishangaza hata waliozoea mambo haya. Mstari wa kina cha maji haupandi na kushuka kila mwaka. Unashuka kwa miaka kadhaa mfululizo, kisha ghafla unapanda kwa msimu mmoja mkubwa, kisha unaanza tena kushuka. Mara nyingi misimu hiyo mikubwa inakuja pale El Niño, yaani maji ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida, inapokutana na joto la maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi. Katika miaka yote ile 55, mruko mkubwa kuliko wote ni ule wa 1997/98.

Wagogo hawahitaji mtu wa kuwafundisha maisha ya namna hiyo. Hii ndiyo nchi iliyopitia Mtunya, njaa kubwa ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, na familia nyingi hapa bado zina habari zake. Mama wa Kigogo aliyevuna sana mwaka mmoja hapimi unga wa familia kwa mavuno ya mwaka huo. Anapima kwa kile kilichomo ghalani na kwa miaka mibaya anayoijua. Mzakwe ni ghala la aina hiyo. Linajazwa mara chache, hatujui lini tena, na tunatoa kila siku.

Hapo ndipo usimamizi wa visima unapoanza, na sehemu yake ya kwanza ni kazi ndogo isiyopigwa picha: kupima. Kisima cha kupimia ni bomba jembamba la chuma lililochomoza juu ya ardhi, lina kifuniko na kufuli. Ukifungua kwanza unaangalia manyigu, maana wanapenda kujenga humo. Unateremsha tepu yenye kihisio mwishoni. Kikigusa maji kinalia. Unainua kidogo, unashusha tena, mpaka uwe na hakika ni sentimita ipi. Unasoma kwenye ukingo wa bomba, unatoa urefu wa bomba juu ya ardhi, unaandika tarehe na saa. Halafu unaandika kitu ambacho wengi wanakisahau na kinaharibu kumbukumbu za miaka: pampu ya jirani ilikuwa imewashwa au imezimwa?

Kwa nini hilo ni muhimu? Pampu ikivuta, maji yanayoizunguka yanainama kuelekea kisimani pande zote. Kisima chenyewe kinashuka sana, cha karibu kinashuka kidogo, cha mbali hakitikisiki. Ukizima, yanarudi, mengine kwa saa chache, mengine kwa siku. Kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa pampu ikinguruma na kilichochukuliwa asubuhi baada ya kupumzika ni vitu viwili tofauti, na ukiviweka kwenye jedwali moja bila maelezo utaona ukame ambao haupo, au mbaya zaidi, hutauona uliopo.

Visima viwili vikikaribiana mno, vinanyang'anyana. Hili ndilo somo ambalo ningependa kila anayesema "ongezeni visima" alielewe. Kuchimba kisima cha kumi katikati ya tisa hakuongezi maji ya bonde. Kunaongeza mirija kwenye maji yaleyale, na kila mrija unalazimika kuvuta kutoka chini zaidi. Kina kikishuka, umeme wa kuinua lita ileile unaongezeka. Kikishuka zaidi, pampu inafika mahali inavuta hewa na tope, inaungua, na kuitoa kisimani ni kazi ya kreni na siku kadhaa bila maji kwa mtaa mzima. Uwanda wa visima unaosimamiwa vizuri una zamu: hivi vinafanya kazi, vile vinapumzika, vya pembezoni vinabebeshwa zaidi pale vya katikati vinapochoka. Waendesha pampu wazuri wanajua tabia ya kila kisima. Kuna kile cha kuwashwa taratibu, kuna kile ambacho baada ya saa kadhaa sauti ya maji kwenye bomba inabadilika na ni lazima kizimwe. Maarifa hayo yapo vichwani mwa watu na ni mara chache yanaandikwa. Mtu akistaafu anaondoka nayo.

Sasa weka juu ya yote hayo jiji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi mji ulikua kwa hatua zake. Mwaka 2016 serikali ilianza kuhamia kwa kasi, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Akwifa ya Makutupora haikupata tangazo hilo. Uzalishaji wa maji umebaki nyuma ya mahitaji licha ya visima vipya vilivyochimbwa maeneo mengine kama Nzuguni, na kila pengo linazibwa na maboza, simtanki na visima vya watu binafsi. Simlaumu anayechimba kwake. Mama mwenye watoto hawezi kusubiri ratiba ya mgao. Ila kila kisima kinachochimbwa bila kuandikishwa ni mrija tusiouona, na huwezi kusimamia usichokiona.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka maji yote, ya juu na ya chini, chini ya usimamizi wa mabonde tisa, na Makutupora iko katika Bonde la Wami/Ruvu ambalo bodi yake ina makao Morogoro. Kuchukua maji kwa matumizi makubwa kunahitaji kibali, wachimbaji wanatakiwa kuwa na leseni, na maeneo ya vyanzo yanaweza kutangazwa kuwa ya hifadhi. Mimi nauona mpangilio huu wa mabonde kuwa ni wa busara, kwa sababu maji hayajui mpaka wa wilaya. Kinyasungwe hiihii inayojaza Mzakwe inaendelea kuelekea Hombolo, inapita Gulwe, inakuwa Mkondoa, inafika Kilosa, kisha inaungana na Wami na kumwaga baharini Saadani.

Fuata njia hiyo na utakutana na jambo linaloniumiza. Mafuriko ya mto huu yamekata reli ya kati kati ya Gulwe na Kilosa mara nyingi kiasi kwamba wahandisi wanaijua kila kalvati. Januari 2010 Kilosa ilizama, watu wakalala kwenye mahema. Misimu inayojaza ghala letu ni ileile inayobomoa nyumba za wenzetu huko chini. Tukizungumza mafuriko tunazungumza maafa tu, na tukizungumza maji ya kunywa tunazungumza ukame tu, katika ofisi tofauti, kwa bajeti tofauti. Ni maji yaleyale. Kila lita inayocheleweshwa huku juu na kuzamishwa kwenye mchanga ni lita ambayo haikufika Kilosa kwa hasira.

Kuna namna za kulifanya hilo. Mabwawa madogo ya mchanga, yaani kuta za kuzuia mchanga na maji yake kwenye makorongo, matuta ya kusambaza mafuriko kwenye ardhi yenye mchanga, mifereji ya kupeleka maji ya kilele cha mafuriko mahali yanapoweza kuzama. Yanahitaji kupimwa kwanza, maana ukijenga penye udongo mweusi utapata dimbwi la mbu. Na tope nalo ni adui: maji ya mafuriko yaliyosimama yanaacha utando laini unaoziba mchanga, kwa hiyo lazima mtu awe anakwangua kila baada ya msimu. Miradi mingi ya aina hii hufa kwa kukosa huyo wa kukwangua. Fedha za kujenga hupatikana, za matunzo hazipatikani.

Lakini kabla ya kujenga chochote, tuache kuharibu mlango uliopo. Jiji linajengwa, na jiji linahitaji mchanga. Malori yanaingia kwenye makorongo na kuuchota, na mchanga ukishaondoka kinachobaki ni mtaro mgumu unaopitisha maji haraka kwenda chini. Nimesimama kwenye sehemu ambazo zamani ulizama hadi kifundo cha mguu na sasa unatembea kwenye udongo mtupu. Halafu viwanja. Uwanda wa visima ni tambarare, uko karibu na barabara kubwa, una mandhari; dalali anakuonyesha hati ya kienyeji na bei nafuu. Nyumba inasimama, choo cha shimo kinachimbwa, na kinachotoka kwenye shimo hilo kinageuka kuwa naitreti, kemikali inayodhuru afya, na kushuka taratibu kuelekea kwenye maji ambayo jiji zima linakunywa. Naitreti haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Ikishaingia kwenye akwifa inayojazwa mara moja kwa miaka kadhaa, hakuna mvua ya karibu ya kuisafisha.

Ndugu zangu wengi wameweka matumaini kwenye bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, na kwenye mpango wa kuleta maji ya Ziwa Victoria. Na mimi nayasubiri kwa hamu, kwa sababu jiji hili haliwezi kuishi kwa visima peke yake. Hofu yangu ni kwamba siku maji hayo yatakapofika, Mzakwe itaachwa kama kiatu cha zamani, uwanda utapimwa viwanja, na vipimo vitakoma. Matumizi bora ningesema ni kinyume chake: miaka ya kawaida tutumie maji ya bwawa na ya ziwa, visima vipumzike na kupanda, ili mwaka bwawa likikauka au bomba la mamia ya kilomita likipasuka, tuwe na kitu chini. Watabiri wa hali ya hewa wanasema dunia inavyopata joto mvua kubwa zitazidi kuwa kubwa, na kwa ghala la aina yetu hiyo inaweza kuwa na heri ndani yake, iwapo makorongo yatakuwa bado na mchanga.

Ninachoomba sasa ni kidogo na hakihitaji mfadhili. Kina cha maji cha Makutupora kitangazwe kila mwezi kama bei ya mazao inavyotangazwa: mita ngapi kutoka juu, mwezi jana ilikuwa ngapi, Oktoba ya mwaka uliopita ilikuwa ngapi. Kibandikwe ofisi za kata, kisomwe redioni asubuhi. Makorongo ya Makutupora, Chihanga na Mayamaya yawekewe alama, na mtendaji wa kata awe na namba ya kupiga akiona lori limeshuka mtoni usiku. Na kwenye kila daftari la kipimo, safu ya pampu ya jirani ijazwe.